Boksi la pezi likikaa upande: namna ya kulitoa na kulifunga upya bila kuua bodi

Bodi yangu ya kupandia mawimbi ilikuwa inavuta kushoto. Yaani umeshika wimbi pale Coco Beach, Dar, umesimama vizuri, miguu iko sawa, halafu yenyewe inaanza kukupeleka kushoto taratibu kama Bajaji yenye tairi moja limeisha upepo. Nikajua ni mimi tu, labda uzito nauegemeza vibaya, nikahangaika na miguu yangu karibu kusi nzima. Kumbe tatizo liko chini, boksi la pezi la kulia, yaani kile kikopo cha plastiki kilichozama kwenye bodi na kushika pezi, limefungwa limenyooka sambamba na ule mti wa katikati ya bodi, ufito wa mbao unaotoka puani mpaka mkiani, wakati mwenzake wa kushoto pua yake imeingia ndani kidogo kama inavyotakiwa.

Kama unaendesha gari utanielewa haraka, hii ni wili alaimenti tu. Mapezi mawili ya pembeni hayaangalii mbele moja kwa moja, pua zake zinaelekea ndani kidogo, kwahiyo kila moja linasukuma mkia wa bodi kwenda upande wa mwenzake. Wakisukumana sawasawa bodi inakwenda mbele. Ukimnyoosha mmoja, yule aliyebaki anashinda, mkia unaenda huku pua inaenda kule, na wewe juu unabaki unalaumu miguu.

Ilivyokuwa ni hivi, boksi la mwanzo lilivunjika kwenye mwamba na kosa ni langu, niliingia siku ya bamvua maji yanakupwa, na bamvua la Dar si mchezo, maji yanashuka zaidi ya mita 3, pale palipokuwa na kina saa 12 asubuhi ikifika saa 4 unatembea kwa miguu. Nikaipeleka bodi kwa fundi mmoja wa faiba anayetengeneza boti na matanki, mkono wake mzuri kabisa, akachonga shimo, akamimina, akaniambia bosi kesho njoo uchukue. Alipima kwa jicho. Kwenye tanki jicho linatosha.

Aliyekuja kuniambia ukweli ni mzee mmoja wa Msasani anayechonga ngalawa. Nilikuwa napita na bodi kwapani, nikamwamkia shikamoo mzee, akaitikia marahaba mwanangu, halafu akauliza hicho chombo mbona hakina mlingoti. Tukacheka. Akaigeuza tumbo juu kwenye mchanga, akaomba kamba, akaivuta kutoka puani mpaka mkiani, akafumba jicho moja, kimya kama dakika nzima hivi. Akasema, "Hili linamwangalia mwenzake, hili linaangalia Zanzibar." Basi. Miezi yote ile jibu lilikuwa kamba ya shilingi mia mbili.

Kwahiyo tuanzie kwenye kamba, kwa sababu watu wengi wakihisi bodi inavuta wanakimbilia patasi, na boksi ukishalitoa hakuna kurudi nyuma.

KUPIMA KWANZA

Kabla ya yote hakikisha mapezi hayajawekwa upande mbaya. Usicheke, nimeona kwa macho yangu jamaa kavaa pezi la kushoto kulia na la kulia kushoto, anaapa bodi imerogwa. Pezi la pembeni lina upande bapa na upande uliobinuka, ule bapa unaangalia ndani kwenye mti wa katikati, uliobinuka unaangalia nje kwenye ukingo. La katikati limebinuka pande zote mbili sawa. Kisha angalia skrubu, kama pezi linacheza ndani ya boksi hilo si tatizo la boksi, kaza au zungushia tepu tabaka moja kwenye mzizi wa pezi likae.

Sasa geuza bodi, vaa mapezi, vuta kamba katikati. Usiamini mti wa katikati peke yake, kuna bodi mti wenyewe umepinda, kamba haipindi. Kutoka kwenye kamba pima kwenda pua ya pezi, yaani pale mzizi unapoanza mbele, halafu pima kwenda kisigino chake, pale unapoishia nyuma. Pua inatakiwa iwe karibu na kamba kuliko kisigino, na tofauti kwa bodi fupi za mapezi matatu inacheza kwenye milimita 5 au 6 hivi kwa pezi lenye mzizi wa sentimita 11. Fanya hivyo kulia, fanya kushoto, andika. Andika kabisa kwenye karatasi, usitegemee kichwa.

Pima pia kutoka ncha ya mkia mpaka kisigino cha kila pezi. Vipimo vinavyotumika sana ni kama sentimita 9 kwa pezi la katikati na 28 kwa yale ya pembeni, halafu kutoka ukingoni kama sentimita 3. Mpangilio huu wa mapezi matatu ndio ule Simon Anderson wa Australia alioshinda nao mashindano ya mawimbi ya Bells mwaka 1981, na mpaka leo bodi nyingi zinazofika huku zimekaa hivyohivyo na tofauti ndogondogo. Ila hizo namba usizigeuze sheria, kila mtengenezaji ana mahesabu yake. Cha kulinganisha ni upande na upande, kulia kwa kushoto. Bodi yenye mapezi sentimita 29 pande zote ni nzima, yenye 28 huku na 29 kule ndiyo ya kuiuliza maswali.

Kingine ni mlalo. Pezi la pembeni halisimami wima, limelala kwenda nje kidogo, digrii 5, 6, hapo. Huna kifaa? Chukua kadibodi, likate mpaka likae sawasawa kati ya tumbo la bodi na uso wa pezi la upande mzuri, halafu ligeuze ulipeleke upande wa pili. Kama mwanga unapenya basi mlalo haulingani. Hiyo kadibodi usiitupe, ndiyo itakuwa bosi wako baadaye.

Na hapa kuna kitu kinawachanganya mafundi wetu sana. Maboksi ya Futures, yale marefu yenye skrubu moja kwa mbele, mlalo umejengwa kwenye pezi lenyewe, kwahiyo boksi lenyewe linasimama wima kwenye tumbo la bodi. FCS za zamani, zile za vitundu viwili kila kimoja na skrubu yake, pezi limenyooka na kinacholala ni vile vitundu. Fundi akijifunza kwa FCS halafu akakuwekea Futures kwa kulilaza boksi, pezi linalala mara mbili, linakuwa kama sikio la mbuzi. Ukikuta pezi limelala kupita kiasi, angalia kwanza aina ya boksi.

Je, lipi la kutengeneza na lipi la kuachana nalo? Mimi kwa maoni yangu, pezi moja likiwa mbele ya mwenzake kwa milimita 2 au 3, achana nalo, nenda kapande mawimbi, hakuna mtu Coco atahisi. Pua ikikosea kwa milimita 3 na kuendelea ukilinganisha na upande wa pili, tengeneza. Pua ikiwa imegeukia nje badala ya ndani, tengeneza hata kama ni kidogo, maana hiyo inakula spidi yote. Na boksi linalovujisha maji tengeneza leo, uelekeo baadaye, maji yakiingia kwenye foamu bodi inakunywa kama sponji na siku moja faiba inabanduka yenyewe.

JUA BODI YAKO IMETENGENEZWA NA NINI

Hapa ndipo watu wanaua bodi. Zipo za aina mbili kubwa. Moja foamu yake ni laini ya unga, ikikaa juani inageuka rangi kama chai ya maziwa, hiyo ni poliurethani na mara nyingi imepakwa rezini ya poliesta. Nyingine foamu yake ni ya vidonge vidonge, ileile inayokuja kwenye boksi la TV, nyeupe na nyepesi, hiyo imepakwa epoksi. Ukichungulia kwenye tundu la boksi lililovunjika unaona.

Rezini ya poliesta ndiyo inayopatikana kirahisi hapa mjini maana watu wa boti na matanki ndio wanaoitumia. Ukiimimina kwenye foamu ya vidonge inayeyuka mbele ya macho yako kama sukari kwenye chai, unabaki na pango. Epoksi haina shida hiyo, inakaa kwenye zote mbili. Kwahiyo kama huna uhakika tumia epoksi, ghali zaidi ndio, lakini bodi ni ghali kuliko epoksi.

Ukitumia poliesta, hadena yake (dawa ya kuigandisha) ni ile ya maji, kali, ikiruka jichoni inaweza kukupofusha, vaa miwani bila ubishi. Na kama rezini yako inakuja na kile kichapuzi cha zambarau pembeni, usikichanganye na hadena moja kwa moja hata siku moja, vikikutana vyenyewe vinaweza kulipuka, kichapuzi kinaingia kwenye rezini kwanza, kinakorogwa kikaisha, ndipo hadena inafuata. Kipimo kwa joto letu mimi naweka mililita 1 kwa gramu 100 za rezini, napima kwa bomba la sindano la duka la dawa. Watu wa nchi za baridi wanaweka mara mbili yake, ukiwaiga mchana wa Januari hapa rezini inaganda kwenye kopo kabla hujageuka.

Epoksi haina mambo ya kuongeza na kupunguza. Fuata walivyoandika kwenye kopo, ikiwa ni 2 kwa 1 ni 2 kwa 1, kuongeza hadena hakuiharakishi, kunaiharibu, inabaki kama mpira. Changanya kidogo kidogo, ukijaza kopo zima inajipasha yenyewe mpaka inatoa moshi. Nilishawahi kulitupa kopo uani kwa kuungua vidole, mama mwenye nyumba akadhani napika gongo.

KULITOA

Vifaa nilivyotumia mimi: drili, patasi nyembamba ya inchi nusu, kisu cha kukatia kadibodi chenye wembe mpya, msasa, maskingi tepu, na alenki. Kama una ruta, ile mashine ya kuchonga mbao, au una rafiki pale Keko kwenye fanicha mwenye ruta, kazi inakuwa safi zaidi, lakini ruta kwa mtu asiyeizoea inaweza kutokea upande wa pili wa bodi sekunde moja tu.

Alenki ya maboksi haya, iwe FCS iwe Futures, ni ya inchi 3/32. Seti nyingi za mtaani ni za milimita, ya 2.5 haiingii na ya 2 inazunguka bure inakula skrubu mpaka inabaki duara. Tafuta ya inchi, zunguka Gerezani utaipata.

Toa mapezi, osha bodi maji baridi, iache ikauke kivulini siku kadhaa mkia ukiwa chini na tundu limefunguliwa. Kama kuna maji ndani utayaona yanachuruzika, rangi ya kahawia, subiri mpaka yaishe kabisa hata kama ni wiki. Usiiweke juani kuiharakisha, hasa ile ya vidonge, hewa ya ndani inavimba na faiba inabanduka.

Kisha zungushia maskingi tepu nje ya boksi, acha nafasi ya milimita 5 hivi kati ya tepu na ukingo wa boksi. Pima unene wa bodi pale, na pima urefu wa boksi jipya kwenda chini, mengi ni kama milimita 20. Kwenye drili funga tepu nyekundu kwenye ncha kwa kipimo hichohicho, tepu ikigusa bodi unasimama. Mkia pale pembeni mara nyingi una unene wa sentimita 4 au chini yake, hakuna nafasi ya kukosea.

Kata faiba kuzunguka kwa kisu, taratibu, mara nyingi, usitake ikatike kwa mkato mmoja. Halafu toboa boksi lenyewe matundu mengi yaliyofuatana kama ya stempu za posta, katikati kwenye plastiki. Ukimaliza, patasi inaingia kati ya matundu na unalibomoa kwa ndani, vipande vinaangukia katikati. Kosa ambalo kila mtu analifanya mara ya kwanza ni kutia patasi pembeni na kulikweza boksi juu kama unang'oa msumari. Litatoka, ndio, lakini litatoka na nusu ya foamu ya mkia na faiba ya jirani itapasuka mpaka ukingoni. Bomoa kwa ndani. Mimi lilinichukua saa 2 na nusu na vikombe viwili vya chai ya tangawizi.

Ukishatoa plastiki, gonga gonga rezini ya zamani, sikiliza. Iliyoshika inalia ngumu kama ukigonga meza, iliyoachia inalia bovu kama embe lililooza ndani. Ile bovu yote itoke. Panua shimo mpaka boksi jipya likiingia liwe linaelea, nafasi ya milimita 4 au 5 kila upande, hiyo nafasi ndiyo inayokuruhusu kugeuza uelekeo. Kwaruza kuta za shimo kwa msasa wa 80.

Vumbi la faiba linawasha siku mbili. Vaa mikono mirefu, barakoa ya maana na si ile ya kitambaa, na ukioga anza na maji baridi.

KULIRUDISHA

Hii ndiyo kazi yenyewe, iliyobaki ni usafi tu.

Bandika maskingi tepu mbele na nyuma ya shimo na chora juu yake mstari wa pezi jipya. Unaupataje? Chukua vile vipimo vya upande mzuri, ulivyoandika, uhamishe kama kioo: pua ya pezi umbali uleule toka kwenye kamba, kisigino umbali uleule, toka mkiani umbali uleule. Ukiunganisha pua na kisigino una mstari. Urefushe kwa kijiti kilichonyooka mpaka mbele kwenye pua ya bodi, fanya hivyo pande zote mbili, utaona mistari yote miwili inaishia karibu na pua sentimita chache pembeni ya kamba, kila mmoja upande wake. Umbali ukilingana, uko sawa. Kosa la milimita 1 kwenye pezi linakuja kuwa la zaidi ya sentimita nzima kule mbele, ndiyo maana wa zamani walikuwa wanapimia kule, kosa linajitangaza lenyewe.

Vaa pezi kwenye boksi jipya kabla halijaingia shimoni. Mzizi wa pezi pakaa vaselini na uzungushie nailoni laini, ile ya kwenye mkate inafaa, mifuko ya plastiki yenyewe si mnajua ilipigwa marufuku toka 2019. Tundu la skrubu ziba kwa tepu, ukisahau hili utakuja kulia, rezini ikiingia kwenye uzi wa skrubu unaanza upya. Kisha bandika vijiti viwili vya aiskrimu kwenye midomo ya boksi, kimoja mbele ya pezi kimoja nyuma, vikatize kwenda pembeni ili boksi lining'inie shimoni likiwa limelingana na tumbo la bodi bila kuzama. Jaribu kavu. Weka, simamisha kadibodi yako, angalia mstari, toa, rudia. Mimi nilijaribu kavu mara tano na ya tano ndiyo nikagundua shimo halitoshi kisigino.

Saa ya kumimina ni jioni, kama saa 11 hivi, kivulini, joto likianza kushuka. Si imani hii. Asubuhi hewa ndani ya foamu inapata joto inavimba, inatoka kupitia rezini yako na kukuachia vitundu kama chapati ya maji. Jioni inasinyaa, inaivuta rezini ndani. Ubaya wake ni giza, na umeme ukikatika katikati ya kazi ndiyo hivyo, weka tochi ya simu tayari na uwe na mtu wa kuishika. Mimi alishika mdogo wangu, akawa anamulika ndege.

Kama foamu ni ya vidonge, kwanza pakaa kuta za shimo epoksi iliyokorogwa na unga mwepesi wa kujazia mpaka iwe kama siagi, maana epoksi nyepesi inapotelea kati ya vidonge na asubuhi unakuta shimo tupu. Kisha kwa aina zote korogea kwenye rezini faiba iliyokatwa fupi fupi sana, rezini peke yake ikiganda ni kama kioo, inapasuka ukikanyaga wimbi kubwa. Uzito uwe kama uji mzito, wa mgonjwa aliyeanza kupona. Mimina nusu ya shimo, sukuma boksi taratibu ukianza na kisigino halafu pua ili hewa itoke, rezini ipande mpaka mdomoni. Ikimwagika, ndiyo vizuri.

Sasa una dakika kama 10 na hapa usipokee simu. Kadibodi upande wa nje wa pezi, ishikilie kwa tepu. Mstari. Pima pua toka kwenye kamba, pima kisigino, rudi upande mzuri upime tena hata kama unajua jibu. Mimi dakika ya 6 nilikuta pezi limelala kidogo kwa sababu ya uzito wake, nikaongeza tepu ya kulivuta kutoka ncha ya pezi mpaka ukingo wa upande wa pili, kama kamba ya tanga. Bila kupima mara ya pili ningerudi kulekule kwa fundi wa jicho.

Rezini ikifika hatua ya jeli, ukiigusa na kijiti haivutiki nyuzi, kata iliyozidi kwa wembe, inakatika kama jibini. Ukichelewa itakuwa ni msasa wa saa nzima. Kisha ondoka. Kabisa, nenda kale mihogo. Pezi lisiguswe mpaka kesho.

KUFUNIKA

Kesho yake toa pezi. Likigoma usilipige nyundo, mwagia maji ya vuguvugu, tikisa mbele na nyuma, kamwe si pembeni. Kama ulitumia epoksi na usiku ulikuwa na unyevu, utakuta uso una utelezi kama mafuta, osha kwa maji na sabuni kwanza, bila hivyo tabaka la juu halishiki. Sugua kwa msasa wa 80 mpaka iwe sawa na bodi.

Faiba nyepesi, tabaka mbili. Ya kwanza ipite ukingo wa boksi kwa sentimita 2, ya pili ipite ya kwanza kwa sentimita 1 au 2. Ziba mdomo wa boksi na tepu, laza faiba juu ya kila kitu, loweka rezini, kamua iliyozidi kwa kadi ya simu ya zamani. Ikikauka, sugua polepole juu ya mdomo wa boksi mpaka tepu ijitokeze, kata, fungua. Watu wengi wanaruka hatua hii, wanaona rezini ya shimoni inatosha, lakini kinacholishika boksi likigonga mchanga ni hii faiba ya juu, ndiyo inayosambaza nguvu.

Poliesta ya watu wa boti mara nyingi uso wake unabaki kunata hata wiki, kwa sababu haina nta na hewa inaizuia kuganda. Funika kwa nailoni ikiwa bado mbichi, toa kesho, umemaliza. Halafu msasa 120, 220, na wa maji 400 ukitaka kupendeza. Mimi yangu niliishia 220. Ni tumbo la bodi, nani analiona.

KABLA YA MAJI

Paka maji ya sabuni kuzunguka boksi, halafu sogeza bodi juani dakika chache tu. Hewa ya ndani ikipata joto itatafuta pa kutokea, ukiona mapovu yanapumua mahali, hapo panavuja, weka alama na kalamu, kausha, pakaa rezini tena. Hamna mapovu, rudisha kivulini.

Vaa mapezi. Skrubu kaza mpaka iguse halafu robo mzunguko, basi, hizi si nati za tairi. Shika ncha ya pezi, lisukume pembeni kwa nguvu ya wastani, tazama pale faiba inapokutana na boksi, isifunguke hata unywele.

Siku ya kwanza niliingia maji yakiwa yamejaa, kwa sababu nimeshajifunza, na nikachagua mawimbi madogo. La kwanza nilisimama nikaachia tu, sikuigeuza, nikasubiri nione kama itaondoka kushoto. Ikaenda mbele. La pili hivyohivyo. La tatu nikaanguka, ila hilo lilikuwa la miguu yangu kweli.

Ukitoka majini kaza skrubu tena kidogo, za boksi jipya zinalegea mara ya kwanza. Na ile alenki ifunge kamba kwenye begi, yangu iko mchangani pale Coco mpaka leo.